«Hakuvuta pumzi vizuri»: kisa cha lupusi na mapafu yaliyosinyaa, Bukavu

Kabla ya kuanza

Mgonjwa ameruhusu kisa chake kiandikwe. Jina, mtaa na tarehe vimeondolewa, na mambo mawili matatu ya maisha yake nimeyageuza ili jirani asimtambue. Vipimo sijavigusa. Naandika hasa kwa wauguzi na madaktari wa vituo vya afya, na kwa vijana wa mwaka wa mwisho wanaozunguka wodi zetu, kwa sababu huyu mama alipita mikononi mwa watu wanne wenye akili timamu kabla hajafika kwetu, na sisi wenyewe, baada ya kulijua jina la ugonjwa wake, lupusi, ambapo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, tulifanya kosa ambalo mwanafunzi angefeli mtihani kwa ajili yake.

Mgonjwa na safari yake

Ni mama wa miaka 31, mshonaji, ana mtoto mmoja. Nyumba yake iko juu mlimani, kama nusu ya nyumba za Bukavu. Kutoka barabara ya magari hadi mlangoni kuna ngazi za udongo ambazo alizipanda tangu utotoni akiwa na ndoo kichwani bila hata kuzifikiria.

Miezi minane kabla ya shida ya kifua, vidole vyake vilianza kuuma na kukakamaa asubuhi. Mkasi ulikuwa hauingii. Nywele za mbele zikawa zinabaki kwenye kitana, na vidonda visivyouma vikatokea juu ndani ya kinywa. Katika muda huo alitibiwa malaria mara tatu, tifoidi mara mbili, na «rumatizimu» kwa sindano ambazo hakuna aliyeandika jina lake. Hakuna aliyeunganisha vidole, nywele na kinywa. Silaumu sana: alivipeleka sehemu tatu tofauti, kila kimoja kwa wakati wake.

Kisha likaja homa la jioni, kilo nne zikapungua, na maumivu upande wa kushoto kila akivuta pumzi. Radio ya kifua, yaani picha ya eksirei, ilionyesha maji kidogo chini ya pafu la kushoto. Makohozi hayakuonyesha kitu kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu, na kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Maji yalikuwa machache mno kuchomwa sindano. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu: dawa nne kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne.

Uamuzi ule naupigia saluti. Kijana, homa, kukonda, maji upande mmoja, hapa Kivu: usipofikiria kifua kikuu kwanza utaua watu. Tena GeneXpert ya makohozi kuwa hasi haisemi mengi pale ugonjwa unapokuwa kwenye utando wa pafu badala ya ndani ya pafu lenyewe.

Mwezi wa pili homa ilikuwa imetulia na radio ya pili haikuonyesha maji tena. Kila mtu akafurahi, isipokuwa mgonjwa. Alisema pumzi imekuwa fupi kuliko mwanzo. Mwezi wa nne akawa anapumzika mara mbili kwenye zile ngazi. Mwezi wa tano mara sita, na mume wake ndiye aliyekuwa anahesabu. Kituo kimoja kikasema ni pumu, akapewa dawa ya kupuliza. Kingine kikasema ni moyo, akapewa furosemidi, akakojoa usiku kucha bila nafuu yoyote. Radio ya tatu ikapigwa.

Hapo ndipo familia ilipochoka na hospitali. Mgonjwa anakonda, anakohoa kidogo, anameza dawa miezi mitano na anazidi kuisha: kwa Bukavu jambo hilo lina jina, nalo ni karuho, sumu ya polepole anayotiliwa mtu na mwenye wivu. Alipelekwa kwa mtu anayetapisha. Akakaa kule siku tisa, bila dawa za kifua kikuu, akitapishwa asubuhi na jioni. Mama mkwe alikuja kutueleza haya akiwa ameinamisha macho, akidhani tutamkemea. Nilimshukuru, maana bila yeye tusingejua kwamba siku tisa za dawa zimeruka.

Siku ya kwanza kwetu

Aliingia kwa miguu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono imeshika magoti. Alikuwa anasema maneno matano, anakata, anavuta pumzi, anaendelea. Pumzi 28 kwa dakika, mapigo ya moyo 108, hana homa. Oksijeni kidoleni 92 kwa mia. Kwa mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, mtu mzima mwenye afya akisoma 94 au 95 simshangai. 92 ilikuwa chini lakini haikunitisha.

Nikamwuliza swali ambalo sasa nawauliza wote: unalalaje?

«Dokta, niko nalalaka nimeikala. Nikilala chali, ni kama mutu ananiikalia pa kifua.» Yaani alikuwa analala ameketi.

Tukamwomba ajaribu kulala chali, tukiwa tumeacha kipimo kidoleni. Ndani ya dakika mbili 92 ikawa 87. Lakini kilichonifanya niite wenzangu kilikuwa tumbo. Mtu akivuta pumzi, kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka na kulisukuma tumbo nje. La kwake lilikuwa linaingia ndani. Misuli ya shingo ilikuwa imesimama kama kamba za mahema, kifua kinapanda, na tumbo linazama. Ukiiona mara moja huisahau, na huhitaji umeme kuiona. Inatosha kumvua mgonjwa shuka na kusimama pembeni kwa dakika moja bila kuongea.

Mapafu yenyewe yalisikika safi. Hapakuwa na mluzi wa pumu wala mikwaruzo. Sauti ilikuwa hafifu tu kwenye vitako vya mapafu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba mikono yote miwili, na kwenye kaakaa kulikuwa na kidonda chekundu ambacho hakikumuuma hata nilipokigusa.

Radio tatu mezani

Mume alikuwa amezibeba zote kwenye mfuko wa plastiki, zimekunjika kidogo. Tulizibandika dirishani kwa mpangilio wa tarehe, maana taa ya kusomea ilikuwa imeungua, na jua la Bukavu la saa nne lilitosha.

Ripoti ya pili na ya tatu zilikuwa na sentensi ileile ya Kifaransa: *cliché en mauvaise inspiration*. Yaani picha ilipigwa mgonjwa akiwa hakuvuta pumzi vizuri. Ni sentensi ya kawaida kabisa. Msomaji anaiandika kujikinga: nimeona mapafu madogo, lakini msinilaumu, ni kosa la upigaji.

Hesabu mbavu za mgongoni zinazoonekana juu ya kiwambo upande wa kulia. Mtu aliyejaza pumzi huonyesha 9 au 10. Radio ya kwanza ilikuwa na 9. Ya pili, 8. Ya tatu ilikuwa na 6 na kipande, pande zote mbili zimepanda, na chini kulikuwa na mistari miwili myembamba ya kulala, mahali ambapo pafu limejikunja kwa kukosa kufunguliwa. Mapafu yalikuwa meusi na safi, kama ya mtu mzima, isipokuwa yalikuwa ya kimo cha mtoto.

Nilimwuliza mgonjwa anakumbuka nini chumba cha radio. Alikumbuka vizuri. Fundi alikuwa amemwambia mara tatu, «Mama, vuta pumzi! Vuta sana!» na mara ya tatu akamkaripia. Yeye akajibu, «Papa, ni hii tu.»

Tulifikiria nini, na tulipima nini

Mtu mwenye dalili za lupusi akikosa pumzi, orodha ya hatari ni ndefu na baadhi haisubiri. Kabla ya kuipenda nadharia ya kiwambo tulilazimika kufunga milango mingine. Damu kuganda kwenye mapafu ilikuwa ya kwanza, kwa kuwa lupusi inaweza kuja na kingamwili zinazogandisha damu. Damu kuvujia ndani ya mapafu pia ni ya kuogopwa, lakini hakuwa anakohoa damu, na hemoglobini ilikaa 10.4 siku nne mfululizo. Ekografi ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, ilionyesha misuli inapiga vizuri, uzi wa maji kuzunguka moyo, na shinikizo la kawaida upande wa mapafu. Skana ya kifua yenye dawa ya mshipani ilikula fedha sawa na kodi ya nyumba yao ya miezi miwili. Nilisita kuiomba, na bado naona ilistahili: hapakuwa na damu iliyoganda, hapakuwa na makovu ya mapafu, hapakuwa na mapango ya kifua kikuu. Ilikuwapo ile mistari ya kujikunja tu.

Misuli ya shingo, mabega na mapaja ilikuwa na nguvu, na kimeng'enya cha misuli katika damu kilikuwa cha kawaida. Udhaifu ulikuwa umechagua msuli mmoja.

Kupima pumzi kulituchelewesha siku mbili, kwa sababu ya kijinga. Spirometa tunayo. Ililetwa kama msaada, inakaa kabatini, lakini mirija ya mdomo iliisha zamani na hakuna aliyeagiza mingine. Mwenzetu alituletea kumi kutoka Kigali. Akiwa ameketi, mama alipuliza lita 1.21, wakati mwanamke wa umri na kimo chake angetoa karibu lita 3. Akiwa amelala, 0.84. Kwa mtu mzima mwenye afya kipimo hicho hupungua kidogo tu akilala, kama sehemu moja ya kumi. Kwake kilipungua kwa 30 kwa mia, na hiyo ndiyo sahihi ya kiwambo kilichochoka.

Ekografi ya kiwambo ilithibitisha, na hii naieleza kwa kirefu kwa sababu mashine ya wajawazito inatosha. Weka kichwa cha mashine chini ya mbavu za kulia, ukilenga juu kupitia ini. Utaona mstari mweupe unaong'aa unaopakana na ini: ndicho kiwambo. Washa ule mtindo wa mstari mmoja unaochora mwendo, kisha mwambie avute pumzi yote aliyo nayo. Kwa mwanamke mwenye afya mstari hushuka zaidi ya sentimita 3.5. Wa kwake ulishuka 1.4. Kushoto gesi ya tumbo inasumbua, tulipata 1.1, ingawa siiamini sana. Alipoambiwa anuse kwa ghafla, kama mtu mwenye mafua, mstari ulitetemeka badala ya kuruka.

Seli nyeupe zilikuwa 2,900. Mkojo ulikuwa safi, jambo lililotupa pumzi sisi, maana figo ndizo tunazoziogopa zaidi katika lupusi. Damu nyingine ilivuka mpaka kwenda kupimwa. Majibu yalirudi siku ya 13: kingamwili dhidi ya kiini cha seli 1:1280, zile dhidi ya ADN (DNA) zipo, na zile zinazoitwa anti-SSA zipo pia. Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019, mgonjwa mwenye kingamwili za kiini huhitaji pointi 10: viungo vilimpa 6, kinywa 2, seli nyeupe 3, kingamwili za ADN 6. Jumla 17. Yale maji ya kwanza ya pafu yangempa 5 zaidi. Hatukuyahesabu, kwa kuwa hatukuweza kuapa kwamba hayakuwa ya kifua kikuu.

Ugonjwa wake wa kifua una jina: mapafu yanayosinyaa. Hoffbrand na Beck waliuandika mara ya kwanza mwaka 1965, wakieleza wagonjwa wa lupusi waliokosa pumzi huku mapafu yao yakizidi kuwa madogo kwenye picha bila sababu ya kuonekana. Ni nadra hata ndani ya lupusi yenyewe. Takwimu nyingi zinautaja kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya mia. Kwa nini hutokea bado watu wanabishana. Wapo wanaosema msuli wa kiwambo wenyewe ni dhaifu, wapo wanaosema mshipa wa fahamu wa kiwambo umeathirika. Wengine wanasema utando wa pafu unauma, mwili unakataa kuvuta pumzi ndefu, na pafu lisilofunguliwa linazidi kukaza kama nguo ya ngozi iliyokauka. Kwa mama huyu aliyeanza na maumivu ya kushoto, mimi naielekea hiyo ya mwisho, ila tumbo lake lililoingia ndani linanikumbusha nisijigambe. Mshipa wa fahamu hatukuupima, kifaa hatuna.

Maamuzi matatu, na kosa moja

La kwanza: je, lupusi hii imeletwa na isoniazidi? Mwenzangu mmoja alisimama imara hapo, na swali lake lilikuwa zuri. Isoniazidi ni mojawapo ya dawa zinazoweza kuleta lupusi ya muda, ambayo huondoka dawa ikiachwa. Lakini vidole, nywele na kinywa vilitangulia dawa kwa miezi, na kingamwili za ADN si kawaida ya lupusi ya isoniazidi. Tukaliweka pembeni.

La pili: dawa za kifua kikuu ziendelee au zikatwe? Zilibaki wiki tano, ukijumlisha zile siku tisa za karuho. Mimi nilitaka kukata. Wenzangu wawili walikataa: maji yalikauka chini ya dawa hizo, hatuna ushahidi kwamba hakuwa na kifua kikuu, na tunakaribia kumpa dawa za kushusha kinga. Nikakubali. Tulirudia GeneXpert kwa makohozi mawili, yote hasi, tukampa ivamektini kabla ya steroidi, kwa sababu minyoo ya strongiloidi iliyolala tumboni inaweza kusambaa mwili mzima na kuua mtu kinga ikishushwa. Hatua hiyo ni rahisi na ya bei ndogo, na mara nyingi husahauliwa.

La tatu: tiba gani. Hakuna majaribio makubwa ya ugonjwa huu. Kila tunachojua kinatoka kwenye visa kama hiki na vikundi vidogo vya wagonjwa. Tulimwanzishia prednisoni, ndiyo steroidi yenyewe, miligramu 40 siku ya nne, bila kungoja majibu ya damu, kwa uzito wake wa kilo 52. Hidroksiklorokwini, dawa ya lupusi, 200 kwa siku. Kisha azatioprini, nayo ya kushusha kinga, 50 ikipanda hadi 100. Tuliiepuka siklofosfamidi kwa sababu inaweza kumaliza uzazi, na mikofenolati kwa sababu haifai mimba, naye alitaka mtoto wa pili. Alituambia hilo mume akiwa nje, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ombi la kupita kiasi.

Sasa kosa. Niliandika prednisoni 40 kwenye fishi (karatasi ya dawa) ileile ambayo mstari wa juu yake ulisomeka rifampisini. Rifampisini huchochea ini kuisaga prednisoni haraka, kiasi kwamba karibu nusu ya nguvu yake au zaidi hupotea. Najua hilo. Nimelifundisha. Siku ya 12 spirometa ilisoma 1.26, yaani hakuna kitu, na nilikuwa tayari nimeanza kusema pale wodini kwamba huenda ugonjwa wake ni wa ile aina isiyosikia dawa. Aliyegundua ni mfamasia kijana aliyekuja kuuliza kuhusu vidonge vya ziada vya tumbo. Akainamia fishi, akaweka kidole kwenye mistari miwili, akanitazama. Hakusema neno.

Tulipandisha hadi 60. Kanuni ya wengi ni kuongeza mara mbili, yaani 80, lakini sukari yake ya asubuhi ilikuwa imeshaanza kupanda. Rifampisini ilipoisha wiki ya tano tulihesabu wiki mbili, muda ambao ini huhitaji kutulia, kisha tukarudisha 40. Hilo nalo lisisahaulike: ukiacha kipimo cha 60 baada ya rifampisini kuondoka, mgonjwa anameza 60 kamili.

Yaliyofuata

Wiki ya nane: lita 1.58. Mwezi wa tatu alilala kwenye mito miwili, na mume akaripoti ngazi kwa kupumzika mara moja tu.

Mwezi wa nne alitoweka. Aliporudi alikuwa na shinikizo la damu 90/60, viungo vinauma, amechoka kiasi cha kushindwa kushika kikombe. Alikuwa ameacha prednisoni kwa siku 11. Uso ulikuwa umevimba kwa dawa hiyo na kuwa wa mviringo, na kwenye kwaya walimpongeza: «Karuho imetoka, sasa unanona.» Wengine walimcheka. Mwili uliozoea steroidi kwa miezi hauwezi kunyimwa ghafla, kwa kuwa tezi zake zenyewe zinakuwa zimelala. Tulikuwa tumemweleza kuhusu sukari na kuhusu tumbo. Uso tuliutaja kwa sentensi moja, kwa Kifaransa, siku ya kuruhusiwa.

Hidroksiklorokwini ilikosekana mara mbili madukani. Mara ya kwanza ndugu yake alivuka mto Ruzizi kuitafuta Kamembe, upande wa Rwanda. Mara ya pili alikaa wiki tatu bila dawa.

Mwezi wa 12: lita 2.06 akiwa ameketi, upungufu wa 12 kwa mia akilala, kiwambo cha kulia kinashuka sentimita 3.1. Oksijeni 95. Prednisoni iko miligramu 5. Anashona siku nzima. Hajarudi kwenye lita 3, na pengine hatarudi. Wagonjwa wengi wa aina hii hupata nafuu kubwa huku kiasi fulani cha pumzi kikibaki kimepotea.

Nikitazama nyuma

Kilichomwokoa muda ni kuziweka radio pamoja. Kila msomaji wa kwanza alipewa moja, na kila moja peke yake ilikuwa na udhuru. Mtu anaweza kushindwa kuvuta pumzi siku moja kwa woga au kwa kutoelewa lugha. Ukiona udhuru uleule kwa mtu yuleyule mara mbili, mbavu zikizidi kupungua, basi ni dalili kama dalili nyingine, na swali la kwanza ni kwa nini hawezi. Kwenye huduma yetu sasa tunamwomba fundi wa radio aandike maneno mawili pembeni: «alijaribu» au «hakujaribu». Wengine wameyachukua vizuri, wengine wanaona tunawaongezea kazi.

Kilichofeli mapema ni mwezi wa pili. Homa ilishuka, maji yakakauka, mgonjwa akasema pumzi imezidi kuwa fupi, na sauti ya radio ikashinda sauti yake. Kifua kikuu kinachotibika kwa kawaida hakimnyang'anyi mtu pumzi kadiri anavyopona. Hapo ndipo ningetaka mtu aangalie vidole vyake. Vilikuwa vimevimba tayari.

Kuhusu kumalizia dawa za kifua kikuu, hatujakubaliana mpaka leo. Wenzangu wanasema mgonjwa hakupata kifua kikuu baadaye, kwa hiyo tulifanya vyema. Mimi nasema hilo halithibitishi kitu, na kwamba wiki tano za rifampisini zilitugharimu wiki tano za tiba. Ila nakiri kwamba hasira yangu kwa rifampisini ina harufu ya kosa langu mwenyewe.

Kuhusu karuho: familia haikukosea kuona kwamba dawa hazifanyi kazi. Waliona kabla yetu. Walichokosa ni mahali pa kurudi kusema hivyo bila kugombezwa, na kama mama mkwe asingezungumza, tungehesabu siku tisa za dawa ambazo hazikumezwa.

Limebaki suala la mimba, ambalo liko mbele yetu sasa. Anti-SSA inaweza kuvuka kondo na, kwa watoto wachache, kuziba njia ya umeme ya moyo wa mtoto tumboni. Hidroksiklorokwini inapunguza hatari hiyo, na hatuwezi kuiruhusu ikosekane tena wiki tatu. Tumemwomba asubiri lupusi itulie miezi sita mfululizo na tumempangia ekografi za moyo wa mtoto mapema, Kigali kama itabidi. Amesema atasubiri, ila si zaidi ya hapo.

Jalada lake ni la kijani. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, mfamasia aliandika kwa kalamu nyekundu: mbavu 6 siku ya kuingia, 8 leo, lita 1.21, 2.06, na chini yake, kwa herufi kubwa, RIFAMPISINI: ULIZA KABLA.